Bibi Aliyepoteza Sauti, Kisha Akatoa Albamu

Baridi ndiyo hiyo mnayoisikia, na boksi tunabeba kama kawaida. Boksi zangu mie mnazijua, ni wazee wa Kiingereza: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwalisha, na wakitaka kusema, kuwasikiliza. Najua wiki kadhaa sijaandika, na wengine mmeshaanza kuulizana nimepotelea wapi. Sijapotea jamani. Nilikuwa nasikiliza muziki.

Leo sina habari za viza wala za bei ya unga wa sembe kwenye maduka ya Wahindi. Nawaletea habari za albamu moja. Si taarab, si dansi, si bongo fleva. Ni ya Waingereza wenyewe, ule muziki wao wa asili wanaouita folk. Najua kuna mtu hapo ameshaguna, "huyu naye!" Kwi kwi kwi. Msiondoke. Safari yenyewe inaanzia London lakini inaishia Tanga, na mwisho wake nina ombi kwenu, tena si dogo.

Kwanza niwaeleze folk ni nini, maana hata mie nilipofika huku nilidhani Waingereza hawana ngoma. Wanazo. Wana nyimbo za mabaharia, za wakulima, za wasichana walioachwa na wanaume waliokwenda vitani, za mauaji, za vizuka. Zilipokewa toka kwa bibi mpaka mjukuu, nyingi hazijulikani nani alizitunga. Miaka ya 1950 na 1960 vijana wakaanza kuzifufua kwenye vilabu vidogo, mara nyingi vyumba vya juu vya mabaa, gitaa moja na sauti moja, watu wamekaa kimya wanasikiliza. Halafu baadhi yao wakaanza kutunga nyimbo mpya kwa mwendo ule ule wa zamani, kama vile mtu wa leo anavyoweza kukaa akatunga utenzi kwa mizani ya mababu.

Mmoja wa watu hao ni Linda Thompson. Amezaliwa mwaka 1947 hapa London, mtaa wa Hackney, ambao kwa basi si mbali na ninapokaa mie. Utoto wake mwingi ulikuwa Glasgow, Uskochi, kisha akarudi London kuimba kwenye vilabu hivyo. Mwaka 1972 akaolewa na Richard Thompson, mpiga gitaa ambaye mpaka leo Waingereza wanamhesabu katika mafundi wao wakubwa. Mwaka 1974 wakatoa albamu yao ya kwanza pamoja, I Want to See the Bright Lights Tonight. Mume anatunga na kupiga gitaa, mke anaimba. Sauti yake haina mapambo. Hapandishi, hatetemeshi, hakulazimishi ulie. Anakwambia tu neno kama lilivyo, kisha unajikuta umeacha unachofanya.

Hapa kuna jambo ambalo ma-ustadhi wa nyumbani watalipenda. Katikati ya miaka ya 1970 Linda na mumewe waliingia Uislamu kupitia jumuiya ya Masufi, wakaishi na wenzao wa jumuiya hiyo, na muziki wakauweka pembeni kwa muda. Tazameni jalada la albamu yao ya mwaka 1975, Pour Down Like Silver, mtamwona Richard na kilemba chake na Linda na ushungi wake. Nilipoiona mara ya kwanza nikadhani ni jamaa zetu wa Pwani wamepotea njia! Linda hakudumu kwenye jumuiya ile. Richard yeye alibaki Muislamu.

Ndoa yao ikavunjika mwaka 1982, mwaka ule ule ilipotoka albamu yao Shoot Out the Lights. Wakaenda kuizungusha Marekani wakiwa tayari wameachana, wanapanda jukwaa moja usiku baada ya usiku, na ugomvi wao wa ziara ile unasimuliwa mpaka leo. Mwaka 1989 jarida la Rolling Stone lilipochagua albamu 100 bora za miaka ya 1980, hiyo ililipa nafasi ya 9. Mwaka 1985 Linda akatoa albamu yake mwenyewe, One Clear Moment. Kisha kimya. Miaka 17! Albamu iliyofuata, Fashionably Late, ilitoka mwaka 2002.

Kwa nini kimya? Hapo ndipo kwenye kisa chenyewe.

Tangu miaka ya 1970 Linda amekuwa na maradhi ya sauti. Madaktari wanayaita disfonia. Si kikohozi wala mafua, na si woga wa jukwaa kama watu walivyodhani zamani. Ubongo unapeleka amri zisizo sahihi kwenye misuli midogo ya koo, ile inayofungua na kufunga nyuzi za sauti. Mtu anataka kusema, misuli inakaza bila kuamriwa, neno linakatika katikati au linatoka limebanwa kama mtu aliyeshikwa shingo. Dawa ya kuyamaliza bado haipo. Kuna sindano ya kulegeza misuli hiyo, ile ile ambayo matajiri wanadungwa usoni kuondoa makunyanzi, lakini nguvu yake inakwisha baada ya miezi michache na inabidi kurudia. Linda ameitumia. Kwa msaada huo na kwa kubahatisha siku nzuri, akatoa albamu nyingine mwaka 2007 na nyingine tena mwaka 2013, ambayo Richard yule yule wa ugomvi alikuja kumpigia gitaa kwenye wimbo wa kwanza. Kisha koo likakataa kabisa kuimba.

Sasa nyie niambieni. Mwimbaji hana sauti, umri umeshapita miaka 70. Angefanya nini? Wengi wetu tungesema apumzike, amekwishaimba vya kutosha, awaachie vijana.

Yeye mwaka 2024 akatoa albamu mpya. Nyimbo 11, utunzi wake, mara nyingine akishirikiana na wengine, hasa mwanawe Teddy, ambaye pia ndiye aliyesimamia kurekodi. Na nyimbo zote zinaimbwa na watu wengine. Albamu inaitwa Proxy Music.

Hilo jina nalo lina mchezo wake. Mwaka 1972 kulitoka albamu ya kwanza ya bendi ya Kiingereza inayoitwa Roxy Music, na jalada lake lilikuwa na msichana mrembo amejilaza kwa mapozi. Linda akaongeza herufi moja tu mbele ya jina, kisha naye akapiga picha amejilaza vile vile, bibi mzima! Nilicheka mpaka wenzangu kazini wakageuka. Na neno proxy lenyewe maana yake ni mtu anayesimama mahali pako, anayefanya kwa niaba yako. Nilitafuta Kiswahili chake nikapata kimoja tu kinachotosha: wakili. Huo ni muziki wa wakili.

Aliyenipa albamu hiyo ni mwenzangu kazini, mama wa Kiingereza wa makamo ambaye gari lake limejaa CD mpaka chini ya viti. Alinipa akasema hebu sikiliza. Nikaisikiliza kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri, nje giza, kioo kimejaa ukungu. Nyimbo tatu za kwanza nilikuwa nashangaa tu. Kuanzia hapo ikawa kila siku.

Wimbo wa kwanza unaimbwa na Kami, binti yake. Mwanamke anahesabu alivyopoteza, na sauti ni mojawapo, kisha anakwambia usimwonee huruma, yuko huru na hana deni la mtu. Fikirini hapo. Mama hana sauti, anaandika maneno kuhusu kukosa sauti, na anayeyatamka ni mtoto aliyemzaa. Na mtoto mwenyewe haigizi sauti ya mama yake. Anaimba kwa sauti yake, lakini wewe msikilizaji unamwona mama amesimama nyuma yake.

Wengine ni Martha na Rufus Wainwright, ndugu wawili ambao nao mama yao, Kate McGarrigle, alikuwa mwimbaji mkubwa wa Kanada. Kuna The Proclaimers, wale mapacha wa Uskochi, wamepewa wimbo wenye lafudhi ya kwao, na mtakumbuka Linda alikulia Glasgow. Kuna Eliza Carthy, binti wa Martin Carthy na marehemu Norma Waterson, ukoo mzima wa waimbaji. Kuna The Unthanks wa kaskazini mwa Uingereza, na Dori Freeman wa kule milimani Virginia, Marekani. Kuna mwimbaji wa Kimarekani anaitwa John Grant, na wimbo aliopewa unaitwa John Grant, unamhusu yeye mwenyewe! Bibi kamtungia mtu wimbo wa kumsema, kisha kampa auimbe mwenyewe. Huo ni uswahili kabisa.

Kuna mmoja unaitwa Mudlark, unaimbwa na The Rails, yaani Kami tena pamoja na mumewe, James Walbourne. Neno hilo ni jina la watu wanaoshuka kwenye matope ya mto Thames maji yakipwa kuokota vitu. Zamani walikuwa ni watoto wa maskini wanaookota makaa na misumari wapate senti ya mkate. Siku hizi ni watu wanaotafuta sarafu na vifungo vya kale, na ni lazima uwe na kibali cha mamlaka ya bandari. Nilipoelezwa nikawakumbuka kina mama wa kwetu na vikapu vyao wakati wa bamvua, wanaingia pwani kutafuta pweza na chaza. Mto wa London nao una kupwa na kujaa, jamani! Kumbe.

Na wa mwisho kwenye albamu unaimbwa na Teddy. Unataja koo za waimbaji, ukoo kwa ukoo, na wa kwao mwenyewe umo, na jinsi watu wa damu moja wanavyogombana kila mahali isipokuwa wakiwa wanaimba. Huo nimeurudia mara nyingi kuliko zote. Nyie mnajua kwa nini.

Mtasema, lakini mtu kutunga na mwingine kuimba ni jambo la ajabu? Kwetu Pwani si ajabu hata kidogo. Nyimbo nyingi alizoimba marehemu Juma Bhalo kule Mombasa zilitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, yule mwenye kitabu cha Malenga wa Mvita. Watu wangapi wametoa shairi kwa kikundi cha taarab likaimbwa ukumbini, na mlengwa amekaa pale anaunguzwa, wala hajui nani kaandika? Malenga wetu hakuhitaji koo zuri, alihitaji maneno na mtu wa kumwamini nayo. Kwa hiyo mambo ya Linda mie sikuyaona mageni. Niliyaona kama jambo letu limevaa koti la baridi.

Lakini kuna kitu ndani yake ambacho nataka mkitazame vizuri, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Wakili ni nani? Kwenye ndoa zetu, kabla binti hajaozeshwa, wazee wanatumwa ndani kwa bibi harusi. Wanamuuliza: fulani bin fulani, kwa mahari kadhaa, umeridhia? Bibi harusi ananyamaza, haya zimemshika. Hawaondoki. Wanangoja, wanarudia, shangazi anamgusa bega. Mpaka idhini ipatikane ndipo wanatoka nje kuisema mbele ya watu. Kazi ya wakili ni kubeba neno la mtu. Neno lenyewe si lake. Akilisema bila kulichukua ndani kwanza, huyo si wakili tena, kalinyakua.

Kwenye albamu ile sauti ni za watu wengine, lakini neno ni la Linda. Hakuna aliyemwambia "mama wewe pumzika, sisi tunajua ungetaka kusema nini". Walikaa naye, akaandika, wakakubaliana, wakaimba alichoandika, hata pale anapojicheka yeye mwenyewe na uzee wake. Sauti imeondoka, mwenye nyimbo hakuondoka.

Sasa tufike Tanga.

Mama alipigwa na kiharusi mwaka 2022, nyote mnajua. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaondoka. Maradhi yake si kama ya Linda. Ya Linda yako kwenye misuli ya koo, maneno yote anayo kichwani na anaweza kuyaandika. Ya Mama yanaitwa afasia. Sehemu ya ubongo inayotafuta maneno ndiyo iliyoumia, hivyo hata kuandika ni shida. Anataka kusema "chai" linatoka neno lingine, au halitoki kabisa. Lakini jamani, kukosa maneno si kukosa akili. Nimewahudumia wazee wengi wa namna hii. Mtu ana afasia na anajua deni analodai, anajua mtoto gani hajaja kumtazama, anajua mnapomsema mbele yake kama vile ni kabati.

Tangu wakati huo nikipiga simu naambiwa, "Mama hasemi siku hizi, nikupe nani?" Mwanzoni nilinyamaza. Ni kweli hasemi. Lakini nani kasema nimepiga ili aseme?

Na sasa nimesikia kuna kikao mwezi ujao. Nimesikia Mama atahamishiwa Dar kwa kaka, na nyumba ya Ngamiani ipangishwe. Huenda ni wazo jema. Kaka ana gari, hospitali ziko karibu, na dada amechoka, miaka yote hii yeye ndiye anayeamka usiku, Mungu amlipe. Mie niliye mbali sina haki ya kumpangia mtu aliye karibu, na wala sipingi. Nauliza swali moja tu: Mama ameulizwa?

Nimewauliza watu watatu, nimepata jibu lile lile, "Sasa atajibuje?"

Atajibu. Hivi ndivyo wataalamu wa tiba ya usemi wanavyotufundisha kazini, na nimeona kwa macho yangu kwamba inafaa. Zimeni redio na televisheni. Kaeni mbele yake akuoneni uso. Ulizeni swali moja kwa wakati, fupi, la ndiyo au hapana. Msiulize "Mama unataka kukaa wapi na lini na nani akulee". Ulizeni "Mama, unataka kubaki Tanga?" Kisha mngoje. Hesabuni mpaka kumi kimoyomoyo. Msimmalizie neno. Wekeni picha mbili mezani, ya nyumba ya Ngamiani na ya nyumba ya kaka, aguse. Halafu geuzeni swali mulize upya, maana mtu wa afasia anaweza kusema ndiyo akikusudia hapana, jibu likifanana mara mbili ndipo mlishike. Siku ya pili rudieni. Mnaona ni kazi? Ni kazi. Ni kama ile ya wazee wanaongoja mlangoni kwa bibi harusi.

Na jambo jingine ambalo wengine hamjaliona. Kuna Jumapili moja mdogo wetu wa mwisho alinipigia kwa video, simu akaiegemeza kwenye birika. Binti yake wa miaka tisa alikuwa anasuka nywele za mwanasesere na huku anaimba zile nyimbo za Mama za lelemama, alizozipata wapi sijui, labda kwa kusikia tu toka utotoni. Akafika ubeti mmoja akauruka. Mama aliyekuwa amekaa pembeni kimya akainua mkono wa kushoto, kidole juu. Mtoto akanyamaza. Mama akafungua mdomo, na ule ubeti uliorukwa ukatoka. Maneno yote, kwa mpangilio wake, pamoja na ule mkato wake wa mwisho mnaoujua. Kisha akajaribu kuniita jina langu, likakataa.

Kazini walinieleza kwamba hilo halikuwa muujiza. Nyimbo alizozizoea mtu hukaa ubongoni mahali tofauti kidogo na maneno ya mazungumzo, ndiyo maana kuna wagonjwa wasioweza kuomba maji lakini wanaweza kuimba. Wapo wataalamu wanaotumia njia hiyo kuwarudishia baadhi ya maneno. Sisemi Mama atapona. Nasema yumo ndani, na mlango mmoja uko wazi, na aliyeushika ni mtoto wa miaka tisa.

Ndiyo maana nasema yule mtoto ndiye wakili wa kwanza aliyempata Mama tangu augue. Anaimba, Mama anasahihisha, yeye anarudia alivyosahihishwa. Habishani naye wala hamwambii "bibi wewe pumzika". Hajui lolote kuhusu London wala Linda Thompson, lakini anafanya kile kile.

Basi maombi yangu ni matatu, na ninayasema hapa hadharani kwa heshima zote kwa wakubwa wangu.

La kwanza, nikipiga simu nipeni Mama. Shikeni simu sikioni kwake dakika tano tu. Mie nitasema, yeye atapumua. Kupumua kwake kunanitosha, nakujua.

La pili, kabla ya kikao, mumuulize kwa namna hiyo niliyoeleza. Na siku ya kikao awepo, akae katikati, si chumbani. Akisema Dar, nitachangia gari la kumpeleka. Akisema Tanga, nitaongeza ninachotuma kila mwezi ili apatikane binti wa kumsaidia dada usiku, na dada naye alale.

La tatu, mrekodini yule mtoto na bibi yake. Simu zenu zote zina kinasa sauti, msiwekee picha za harusi peke yake. Nyimbo za Mama hazijaandikwa popote.

Na msije mkasema nimemwanika Mama mtandaoni bila ridhaa yake. Kabla sijaandika nilimwomba mdogo wetu amshikie simu. Nikamweleza, nataka kuwaandikia watu habari zako na za bibi mmoja wa huku. Nikauliza, niandike? Kimya. Nikangoja. Nikauliza tena, nisiandike? Mdogo wetu akaniambia, ametikisa kichwa kwa nguvu na amepiga paja kwa mkono wa kushoto, na anacheka.

Basi nimeandika. Mwenye nafasi amsomee, polepole, na akikunja uso mahali popote niambieni nifute.

Shangazi, kanga uliyoniagiza nimeipata lakini ya huku ni bei mbaya, tena imetoka huko huko kwenu, kwi kwi kwi. Kaka mkubwa, usinikasirikie, nipigie tuongee, Jumamosi nipo nyumbani kutwa. Dada, pumzika kidogo mchana, wanao waoshe vyombo. Wengine wote nawasalimu kila mtu kwa nafasi yake. Mbaki salama.